Tundu la Mgongoni

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyumbani na sindano, uzi mweusi na mkasi mdogo ndani ya mkoba, kwenda kushona kifungo kimoja.

Kimoja tu. Mwanangu ana tumbo la mume wa mwanamke anayejua kupika, na kwenye mazoezi ya gwaride mchana ule alivuta pumzi vibaya, kifungo cha koti kikaruka kikampiga mpiga tarumbeta shavuni. Wenzake walicheka mpaka mstari ukavunjika. Kesho yake ilikuwa siku ya kuwakumbuka askari waliokufa kwenye uvamizi, mgeni rasmi anakuja, na mgeni rasmi haonyeshwi koti lililo wazi kitovuni.

Koti lenyewe si lake. Ni la baba yangu, yaani babu yake. Wakati wa vita vile vikubwa, wanaume wa mji wetu walipakiwa kwenye boti za jeshi alfajiri wakavushwa maji kwenda kuvamia ng'ambo. Adui alikuwa macho, anawangoja. Wengi walikufa hata mchanga wa huko hawajaukanyaga. Jeshi halikuturudishia maiti. Lilirudisha makoti. Kitambaa cha sufi kilikuwa adimu, watu walikuwa wengi.

Walikusudia kuwavisha wengine. Vita vikaisha kabla, makoti yakabaki kwenye stoo ya ukumbi wa mji, kule chini karibu na maji. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, watoto na wajukuu wa marehemu huyavaa, kila mtu la kwao, wakaandamana mpaka kwenye njia ya zege inayoteremka majini, pale boti zilipopakia.

Mama yangu ndiye aliyekuwa fundi wa makoti yale, kisha nikawa mimi. Unapiga brashi. Unaanika kivulini. Unabadilisha vifungo, unabadilisha bitana ikioza. Lakini matundu huyagusi. Kila koti lina tundu, na karibu yote yako mgongoni. Watu wa mji hawalizungumzii jambo hilo, kama vile watu wasivyozungumzia mguu mfupi wa mwenye nyumba.

Nilipokuwa msichana nilimuuliza mama kwa nini tunawaacha watu waandamane na nguo zenye matundu kama wezi wa kuku. Alikuwa na uzi mdomoni. Akautema.

"Hapo ndipo alipotokea mwenyewe," akasema. "Ukipafunga, siku akirudi kuvaa koti lake atakwama ndani."

Nikacheka. Akanizaba kofi, tukaendelea na kazi.

Tundu la koti la baba yangu liko chini kidogo ya bega la kushoto. Kila mwaka mama alipomaliza kulipiga brashi alitia kidole chake cha mwisho ndani ya tundu lile, akatulia, akakitoa. Hakusema kwa nini, na mama yangu hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Tabia hiyo nami nikairithi, kama watu wanavyorithi pumu.

Mwaka huu sikuyagusa makoti. Nilikuwa nimelazwa hospitali, nafanyiwa operesheni ya macho. Kuna mtu wa ofisi ya mji anayepanga sherehe, sisi twamwita Bwana Ratiba, maana hata kupiga chafya huangalia saa kwanza. Yeye akayapeleka makoti kwa mke wa mwanangu. Naye ni fundi, tena fundi kweli, nilimfunza mimi. Niliporudi akaniambia, mama pumzika, kazi imekwisha, yamependeza.

Nikasema sawa.

Mlinzi wa ukumbi alikuwa anafunga geti la mbele. Akaniambia waandamanaji wote wamevua makoti na kwenda zao, isipokuwa mwanangu, yuko huko nyuma stoo, amekaa tu. Amemwita mara kadhaa haitiki. Labda amenuna kwa kuchekwa. Nikamwambia kwamba mwanangu tangu utoto hanuni akiwa na njaa, na saa ile lazima alikuwa na njaa. Mlinzi akacheka, akaniachia mlango, akaenda kununua sigara.

Ndani viti vya plastiki vilikuwa vimeshapangwa, na zulia la mgeni rasmi limekunjwa pembeni kama mtu aliyelala. Nilipita katikati ya viti polepole. Macho yangu yalikuwa mapya, na kila kitu kilikuwa na ukingo mkali kupita kiasi.

Nilinusa kabla sijaona.

Sufi iliyolowa. Fundi yeyote anaijua harufu hiyo, ni kama ya mbwa mzee. Na ndani yake kulikuwa na harufu nyingine... mafuta ya mashine, na matapishi.

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Nikasukuma mlango wa stoo. Taa ndefu ya dari ilikuwa inakonyeza, inawaka, inazima. Makoti yalikuwa yametundikwa kwenye misumari ukutani, mstari mzima. Sasa sikiliza. Koti tupu huning'inia. Mabega hulegea, kifua huingia ndani. Nimetundika makoti umri wangu wote, naijua sura ya koti lisilo na mtu.

Haya yalikuwa yamejaa.

Mabega yamesimama. Mikono imekunjika kidogo kwenye viwiko, kama mikono iliyoshika kitu mbele. Na chini ya kila pindo...

Tone.

Tone.

Sakafu ya saruji ilikuwa imelowa. Nikajiambia ni macho haya, daktari alisema yatachukua muda kuzoea. Nikayapita makoti upande upande, mkoba nimeukumbatia, bila kuyapa mgongo. Wala sikujiuliza kwa nini siyapi mgongo.

Mwanangu alikuwa mwisho wa chumba, amekaa kwenye benchi, ananipa kisogo. Mbele yake mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na nje ya mlango ni ile njia ya zege, na mwisho wa zege ni maji, meusi tayari, na utepe mmoja mwekundu wa jua kwa mbali. Alikuwa amekaa wima, magoti pamoja, amejibana kama mtu aliyepakiwa katikati ya watu wengine. Benchi zima lilikuwa lake peke yake.

Nikamwambia avue koti, kifungo hakijishoni chenyewe.

"Ssss," akanong'ona. "Wamesema tusiongee."

"Nani wamesema?"

"Tukisikika ng'ambo tumekwisha."

Mwanangu ni mtu wa mzaha. Aliwahi kujifanya amekufa ili asiende kuwasalimia wakwe zake. Kwa hiyo nilimsogelea nimpige kofi la kisogo, na nilipoweka mkono begani mwake, maji yakatoka kati ya vidole vyangu kama unapokamua tambara. Baridi yake ilinipanda mpaka kwenye kiwiko.

Mkono ukateremka wenyewe. Mazoea. Chini ya bega la kushoto, kidole cha mwisho kikatafuta pa kuingia.

Hapakuwa na tundu.

Nikapapasa tena. Juu, chini, pembeni. Nikainamisha uso mpaka pua ikagusa kitambaa. Sufi safi, sawasawa, kama imetoka kiwandani jana.

Ndipo nilipoelewa yamependeza vipi.

"Kuna mtu nyuma yangu," akasema. Safari hii haikuwa sauti ya mwanangu. Ilitoka kwenye koo lake, lakini ilikuwa nyembamba zaidi, ya mtu mdogo wa umri. Kijana hasa.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mama yako."

Akatega sikio. Nyuma yangu, kwenye misumari, kitu kilisogea. Sufi ikisuguana na sufi, kidogo tu, kama watu wanaobanana ili mmoja apite.

"Mama yangu hana sauti hiyo," akasema. Kisha akageuza kichwa nusu. Shavu lilikuwa la mwanangu, na ndevu zake zile asizojua kunyoa. Jicho lilinitazama kama linanitafuta ndani ya mtu mwingine. "Kidonge?"

Kidonge.

Baba yangu ndiye aliyenipa jina hilo, kwa sababu nilikuwa mdogo na mchungu. Alipoondoka nilikuwa natambaa. Mama aliniambia mara moja tu, na hakutaka lisemwe tena ndani ya nyumba. Marehemu mume wangu alikufa halijui. Mwanangu halijui. Hakuna mtu aliye hai anayelijua isipokuwa mimi.

Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia baba yangu. Nimekaa nayo tangu utoto, mengine ni matusi. Lakini alikuwa amemvaa mtoto wangu.

"Toka ndani ya mwanangu," nikanong'ona.

"Siwezi." Alisema kwa upole, kama anayeomba radhi. "Pamefungwa."

Nje, mbali juu ya maji, kulikuwa na mngurumo. Injini... Ikazimwa. Kimya kikaja, na ndani ya kimya kile nikawasikia wote ukutani wakivuta pumzi kwa pamoja.

Akasimama.

Nilimshika mkanda wa koti. Unafikiri kikongwe atamzuia mwanaume mwenye uzito ule? Nilivutwa kama mbuzi wa mnada. Akatoka mlangoni, akaanza kuteremka njia ya zege, hatua za mtu aliyezoea buti, na miguuni alikuwa na ndala. Nikamwita kwa jina lake. Nikaita mlinzi. Mlinzi alikuwa na sigara yake huko.

Mwanangu ni fundi bomba. Maji anayajua yakiwa ndani ya bomba. Kuogelea hajui, hajawahi kujua, na pale zege linapoishia kuna kina cha kumeza lori.

Maji yakafika kwenye vifundo. Yangu na yake.

Nikafungua mkoba kwa meno, nikatoa mkasi. Lakini nikate wapi? Mke wa mwanangu alikuwa amefuma uzi juu ya uzi, jicho lisione, kidole kisihisi. Kazi nzuri kupita kiasi. Nilimsifu na kumlaani kwa pumzi moja. Giza limeingia, macho yangu ni ya juzi, na yeye anaendelea kwenda.

Magotini.

Nikamrukia mgongoni. Usicheke. Nilimng'ang'ania shingo kwa mkono mmoja kama mtoto anayebebwa, nikaweka midomo yangu kwenye koti, chini ya bega la kushoto, kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi na midomo ilikuwa bado hai. Maji. Maji ya chumvi, mafuta, maji. Sufi yote inatiririka. Nikasogeza midomo. Maji... maji...

Pakavu.

Padogo, kama ukucha. Koti zima lililowa maji ya siku ile ya uvamizi, lakini uzi mpya haukuwa umekwenda vitani.

Nikauma pale pale ili nisipapoteze, nikapitisha ncha ya mkasi kando ya meno yangu, nikachoma. Kama nitamtoboa mwanangu, nitamtoboa. Aliyetobolewa hushonwa, aliyezama huzikwa. Nikakata uzi mmoja, wa pili, nikavuta kwa meno, na uzi ukakatika wote kwa mkupuo.

Pumzi ikatoka kwenye tundu lile. Ya moto. Ilinipiga usoni na harufu ya kitu kinachoungua, na sauti ikatoka humo humo kwenye tundu, si kwenye kinywa cha mwanangu, karibu kabisa na sikio langu.

"Kidonge. Usikae nyuma yangu."

"Nyuma kuna nani, baba?"

"Nyuma yuko anayetuhesabu."

Halafu mgongo ule ukalegea, ukawa mnene, ukawa wa mwanangu. Tukaanguka wote wawili ndani ya maji, yamefika kiunoni, naye akapiga kelele kama aliyemwagiwa ndoo usingizini, akaniuliza mama unafanya nini majini na mkasi mkononi.

Nikamwambia nashona kifungo.

Tuliporudi mlangoni mke wake alikuwa amesimama pale na tochi. Alimfuata mume, chakula kinapoa. Alituona tulivyo, akafungua kinywa kuuliza, kisha akaangaza ukutani na kinywa kikabaki wazi. Makoti hayakuwa kwenye misumari. Yalikuwa sakafuni, yamelala mstari mmoja kuelekea mlango wa maji, mikono mbele, la mbele kabisa likiwa limeshavuka kizingiti.

Sikumpa nafasi ya kulia. Nilimwekea mkasi mkononi nikamwambia afungue alipofunga, yeye ndiye anayejua ni wapi. Mwanangu tulimwacha akae nje na mlinzi, aliyekuwa amesharudi, amevuliwa, amefunikwa kitambaa cha meza. Sisi tukapiga magoti. Mkono wa fundi ukishika mkasi hutulia. Kila tundu lilipofunguka lilishusha pumzi, na koti likalala bapa, tupu, kama koti. Tukafika la mwisho.

"Bwana Ratiba alisema mgeni rasmi asije akauliza," akasema. "Na mimi mama... niliona yote yako mgongoni. Nikaona aibu. Watu watasema wazee wetu walikimbia."

"Kwenye boti utakimbilia wapi?"

Akaniangalia. Kisha akachukua koti la baba yangu, akalileta chini ya tochi, akaligeuza upande huu na huu. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, nacho kikatoka na weusi.

"Hili limeungua, mama."

Mimi si askari. Sijui risasi inakwenda umbali gani. Lakini sufi iliyoungua naijua, ya pasi naijua na ya sigara naijua, na sufi haiungui ukingoni mpaka moto uwe karibu. Adui alikuwa ng'ambo, mbele yao; anayehesabu alikuwa nyuma yao, boti ile ile. Mama yangu alitia kidole pale kila mwaka na kukitoa. Bila shaka na chake kilitoka na weusi. Akakifuta, akanyamaza, akaishi.

Asubuhi mwanangu hakuvaa koti. Nililivaa mimi. Bwana Ratiba akaja mbio kuniambia kwamba sipo kwenye mpango, na kwamba matundu yanaonekana. Nikamwambia aniondoe kwa mikono yake. Akaangalia saa, akaona hakuna muda.

Mgeni rasmi alisoma hotuba nzuri. Akasema mashujaa wetu hawakumwonyesha adui mgongo hata siku moja. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Ni kweli tupu. Mgongo hawakumwonyesha adui.

Kisha tukaandamana. Watu wa makoti mbele, tarumbeta pembeni, na Bwana Ratiba nyuma yetu kama kila mwaka, kidole juu, anahakikisha makoti yote yapo. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini. Tulipofika pale zege linapogusa maji, tarumbeta ikanyamaza kabla ya wakati wake.

Tukasimama. Hakuna aliyetoa amri.

Tukageuka wote kwa pamoja, kama buti moja, tukamtazama.

Mimi nilikuwemo, na nakuambia sikuamua kugeuka. Shingo iligeuzwa. Bwana Ratiba alibaki na kidole hewani, midomo imekuwa ya majivu, akarudi nyuma hatua moja moja mpaka akaangukia kwenye viti. Baadaye wenzangu walipoulizwa kwa nini waligeuka, kila mmoja alisema alidhani ameitwa. Ofisi ya mji ikasema ni jua. Yeye ameomba kuhamishwa, na kwa mara ya kwanza sherehe za mwakani hazina ratiba.

Mwanangu ni mzima. Anakula. Ila hakai tena sehemu ambayo mlango uko nyuma yake, na akiwa kazini chini ya sinki la mtu anataka mwenye nyumba asimame mbele, amwone miguu. Mkewe anamtania. Mimi simtanii.

Koti la baba nimelichukua, wala sikuomba ruhusa. Nimelitundika chumbani kwangu, mgongo ukutani, ili asiwe na mtu nyuma.

Asubuhi ya kwanza nililikuta limegeuka. Uso ukutani, mgongo chumbani, tundu linanitazama. Nikaligeuza. Kesho yake likawa limegeuka tena, na sakafu chini yake ina unyevu.

Nimeacha kuligeuza; labda ukuta nao huziba tundu. Kitanda nimekihamisha, siku hizi nalala nikilitazama.

Mgongo wangu ukutani.